Dawa Uliyowapa Samaki

Baba,

Samaki wako wanajikuna. Hiyo ndiyo habari ya kwanza, na nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo usitarajie salamu ndefu.

Walianza wiki ile tuliyorudi Migori kutoka kukuzika. Viti vya kukodi vilikuwa bado vimejaa uani, Mama amelala kwenye kochi kwa sababu hataki kuingia chumbani kwenu, na mimi nimekaa mbele ya tangi na kikombe cha chai. Nikamwona yule dume mwekundu mwenye kichwa cha samawati akishuka kwa kasi, akalala ubavu, akajisugua kwenye jiwe, kisha akapanda juu kama mtu aliyejikwaa njiani na anajifanya hajaumia. Nikadhani anacheza. Akarudia. Halafu jike mmoja akajipangusa kwenye mchanga, na mwingine kwenye bomba la pampu. Chai ilipoa mkononi mwangu.

"Samaki hana mikono," ulikuwa ukiniambia nilipokuwa mdogo. "Akiwashwa, lazima atafute jiwe. Kwa hiyo ukimwona kwenye jiwe, usicheke. Anakuambia kitu."

Ulikuwa unasikia kila walichokuambia, Baba. Hilo ndilo linaloniuma. Fundi wa friji mwenye mikono inayonuka gesi na grisi, ukifika nyumbani ulikuwa huulizi chakula wala huulizi nani amekuja. Ulikuwa unavuta stuli na kukaa mbele ya lile tangi ulilolijenga mwenyewe kwa vioo vya friji ya duka la nyama, ukitazama nani anapumua haraka, nani amekunja mapezi, nani hajala. Watu wa kwetu Sindo hawakukuelewa. Mtu wa ziwani anafugaje samaki wa kutazama? Tena fulu, wale wadogo wadogo ambao mama yako alikuwa akiwakaanga mpaka mifupa inatafunika. Kila mdogo wako Odhiambo alipokuja kututembelea, aliinama mbele ya kioo akauliza mchuzi utaiva lini. Ulikuwa ukicheka naye. Na Jumamosi ukienda Sindo, ulikunja suruali ukaingia ziwani mpaka magotini, kando ya matete, na wavu wako wa mkono, kutafuta wengine. Ulisema fulu wanaisha ziwani, na kwamba wajukuu zako watawaona kwako au hawatawaona kabisa.

Wajukuu gani, Baba? Mimi sina mtoto bado. Hukusubiri.

Nirudi kwa samaki. Nilianza na maji, kwa sababu wewe ulikuwa husikii neno lingine kabla maji hayajapimwa. Na sababu ya kuyashuku ilikuwepo. Siku za matanga, waombolezaji walichomoa pampu yako ili wachaji simu. Mtu anakuja kukulilia, anakata pumzi ya samaki wako, anachomeka simu, anarudi kulia. Niliirudisha mpaka nikachoka. Tena Mama alikuwa ameongeza maji ya mfereji moja kwa moja, yakiwa bado yananuka dawa. Nikatoa vile vijikaratasi vyako vya kupimia, nikavichovya, nikavilinganisha na rangi zilizo kwenye kifuniko. Maji hayakuwa mabaya. Hata hivyo nilibadilisha kiasi, nikitumia maji yaliyolala kwenye pipa, na nikafyonza uchafu ulioganda mchangani. Nikangoja. Ulisema kama kosa ni la maji, wakipata maji safi watatulia upesi. Hawakutulia.

Nikazima taa ya sebule nikawamulika na tochi ya simu kwa upande, kama ulivyokuwa ukifanya. Nilitafuta madoa meupe kama chembe za chumvi. Hakuna. Nilitafuta ule unga wa dhahabu uliowahi kunionyesha, ambao huonekana tu mwanga ukipita ubavuni. Hakuna. Ndipo nikaangalia mashavu yao, pale wanapopumulia. Yule dume alikuwa amelibana shavu moja kabisa, na lile jingine linakwenda mbio. Ngozi yake ilikuwa na ute kama mtu aliyepakwa uji mwepesi. Majike nao hivyo hivyo. Na nyuma ya jiwe kubwa nikawaona wageni, fulu ambao sikuwajua.

Baba Mdogo Odhiambo ndiye aliyewaleta. Alikuja nao kwenye ndoo tuliporudi pamoja kutoka mazishini, akasema tangi la ndugu yake lisikae na huzuni, akawamimina ndani pamoja na maji yao ya ziwa. Wewe ungewaweka kwenye lile beseni la bluu nyuma ya jikoni, peke yao, mpaka uridhike. Hata mimi ulinikataza kuchovya mkono kwenye beseni kisha kwenye tangi bila kunawa. Basi nikajua ni nini. Ni ile minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inayong'ang'ania ngozi na mashavu ya samaki. Ulikuwa ukiitibu kwa tembe kubwa nyeupe ulizosaga kwa mgongo wa kijiko. Kopo lake nililijua, lile la maziwa ya unga juu ya kabati. Nilichokuwa sijui ni kipimo.

Nikachukua kopo nikaenda kwa Bwana Swaleh, yule mtu wa Malindi mwenye duka la dawa karibu na soko. Unamjua vizuri. Unamjua vizuri kuliko nilivyodhani.

Alinipa pole kwanza, kwa Kiswahili chake kile kirefu, akamuombea Mama subira. Kisha nikamwekea tembe mezani nikamwuliza moja inatosha maji kiasi gani. Alivua miwani. Akanitazama mimi, akazitazama tembe, akanitazama tena.

"Binti yangu," akasema, "hizi zilikuwa za mzee. Hizi ni dawa ya kichocho."

Nikamwambia hapana, ni za samaki, Baba alizitumia miaka yote.

"Za samaki, dawa hiyo hiyo, nilikuwa nikimwuzia mimi, moja moja. Hizi alikuja nazo kutoka zahanati ya huko Mbita. Walimpima wakamkuta ana kichocho cha siku nyingi, ini limeanza kuharibika. Wakampa azimeze akishakula, kisha arudi wamtazame. Akaja kuniuliza zitatosha lita ngapi. Nikamwambia, mzee, meza wewe kwanza, samaki nitawatafutia zao. Akacheka. Akasema ziwa lile limemlea, haliwezi kumuua. Akasema zinaleta kizunguzungu na yeye ana friji ya hoteli inamngoja."

Nilikaa kwenye gunia la nepi karibu na mlango. Watu waliingia na kutoka wakinunua Panadol. Nilikuwa nasikia sauti yako ikisema maneno hayo. Nilijua ulivyosimama ukiyasema, mkono mmoja kiunoni, na begi la spana begani.

Ulijua. Sikasiriki kwa sababu uliugua, watu wanaugua. Ulijua, na ukaja nyumbani ukamwambia Mama ni vidonda vya tumbo. Mama akaacha kutia pilipili. Akaacha kutia nyanya. Akawa anakusagia kabichi na kukuchujia maji yake uyanywe asubuhi kabla ya kazi, na wewe unakunywa, unashukuru, unamtazama machoni. Tumbo lilipoanza kuvimba ukasema ni gesi. Na jioni unavuta stuli, unasaga tembe zako mwenyewe kwa kijiko, unawapa fulu.

Nilipomweleza Mama hakulia. Alicheka, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. Akasema, "Leta sufuria." Akamaanisha. Alisimama mbele ya tangi na sufuria mkononi, na mimi sikumzuia, kwa sababu na mimi nilitaka. Ni kwa ajili ya hao ulikuwa ukisimama kwenye matete Jumamosi baada ya Jumamosi. Lakini Mama aliwatazama wakijisugua, akawatazama sana, kisha akaweka sufuria chini akaenda kulala. Safari hii alilala chumbani.

Sasa nikuambie kilichotokea kwenye mazishi yako, kwa kuwa ulikuwepo lakini hukuona.

Siku uliyotapika damu, mlikuwa mmetoka kula ugali na matumbo kibandani, wewe na Mwita. Huyu Mwita uliyefanya naye kazi chumba kimoja tangu sijaingia shule, anayejua kuimba nyimbo za kwetu za harusi na lafudhi yake ya Kikuria mpaka watu wanakaa chini kwa kicheko. Yeye ndiye aliyekubeba. Alikupakia kwenye ile pikapu yake inayokohoa, akaendesha mpaka Homa Bay, shati lake lote likiwa jekundu. Pale hospitali daktari alitueleza kwamba ini limekuwa gumu, damu imekosa njia, mishipa ya kooni imefura ikapasuka. Akamwuliza Mama kama umewahi kutibiwa kichocho. Mama akajibu kwa uhakika kabisa, hapana, ana vidonda vya tumbo. Daktari akasema inaonekana ni kichocho. Baba Mdogo akamkatiza. Akasema mtu haamki mzima, anakula chakula na mtu, anatapika damu, halafu aambiwe habari za ziwa. Akasema ni sumu.

Neno hilo lilifika Sindo kabla ya jeneza lako.

Mwita alikuja kukuzika. Alivaa koti lile ulilomnunulia alipomwoza binti yake, koti la kijivu, limembana kifuani. Alikuja na mke wake na mfuko wa sukari. Vijana wakasimama langoni, na Baba Mdogo mbele yao. "Huyu haingii hapa," akasema. "Amekuja kuhakikisha?" Mwita alinitafuta kwa macho katikati ya watu. Nilikuwa nimemshikilia Mama asianguke. Mke wake akaweka sukari chini, pale pale kwenye vumbi, wakageuka. Nikaona mgongo wa lile koti ukiondoka barabarani, na wewe ulikuwa hatua chache tu kutoka pale, kimya, neno moja lako lingetosha. Ungekuwa umemwambia mtu mmoja tu. Mama, mimi, Mwita mwenyewe. Ungesema tu, "Nimepimwa, nina kichocho." Ni sentensi fupi.

Huku Migori waliacha kumpa kazi. Mwenye hoteli yule wa karibu na stendi alimwambia atamwita, hakumwita. Watoto wa plotini kwake wakimpita wanashika matumbo na kujifanya wanatapika. Miaka yote mliyokaa pamoja mkizibua mabomba ya gesi, umemwachia hilo.

Kesho ya ile siku ya sufuria nilirudi kwa Bwana Swaleh akanipa kipimo. Alikataa nitumie zako. Akaleta nyingine kutoka nyuma, akanieleza polepole. Nilitoa makaa kwenye kichujio, maana yangeinywa dawa yote. Niliisaga tembe mpaka ikawa vumbi, nikaikoroga kwenye chupa mpaka mkono ukachoka, kwa sababu haiyeyuki kirahisi, nikaimwaga palipo na mkondo wa pampu. Niliifungua pampu yote, maji yakawa yanachemka hewa. Yule dume alijibanza kwenye kona akanikasirikia. Nikamwambia na mimi nimekasirika.

Hawakuacha kujikuna mara moja. Ulinitahadharisha zamani kwamba mdudu akifa anaacha kidonda, na kidonda kinawasha. Jike mmoja mzee alikufa, yule wa kijivu uliyempenda. Nilimfukia chini ya mgomba bila maneno. Waliobaki walianza kufungua mashavu yote mawili. Nilibadilisha maji, nikarudia dawa baadaye kwa sababu ya mayai ya ile minyoo. Sasa wanakula. Dume amechimba shimo la kutagia mchangani na anamfukuza kila anayekaribia, na nadhani maana yake unaijua.

Walipotulia, nilichukua kopo lako la maziwa nikaenda Sindo.

Baba Mdogo alikuwa ufukweni na wenzake wanatandaza omena kwenye nyavu. Unajua nimelelewa vipi. Sijawahi kumwinulia sauti ndugu yako. Sikuinua siku hiyo pia. Nilimwamkia, nikamwekea kopo mbele ya miguu yake, nikamweleza yote aliyoniambia Swaleh, kwa Dholuo, taratibu, ili kila aliyekuwa pale asikie. Wale wanawake waliokuwa wakigeuza omena waliacha kugeuza.

Alilifungua kopo. Akatoa tembe moja akaigeuza kwenye kiganja.

"Unataka kuniambia ndugu yangu alijiua mwenyewe?"

"Nataka kukuambia Mwita hakumuua."

Akaniambia mimi ni mtoto, siwezi kuja kumfundisha mbele ya watu.

"Na zako ziko wapi, Baba Mdogo? Watu wa zahanati walipita hapa wakagawa tembe hizi. Wewe ulimeza?"

Mmoja wa wale wanawake akajibu kwa niaba yake, bila kumtazama: "Alitema kwenye mchanga. Nilimwona." Na hapo ndipo nilipolitazama tumbo lake, Baba. Mikono imekonda, shingo imekonda, na tumbo linasukuma fulana kama lako. Hasira niliyokuwa nayo ilibadilika ikawa woga, na woga ukarudi kuwa hasira maradufu, nikamwambia kitu ambacho sikupanga kukisema. Nilimwambia sitakuja kumzika. Nilimwambia akifa kwa ubishi atazikwa na omena zake, na wasinipigie simu.

Alikaa chini. Mtu mzima yule alikaa kwenye mchanga akashika kopo lako kwa mikono miwili.

Tulikwenda zahanati pamoja siku hiyo hiyo. Nilimsindikiza kama mfungwa. Walimpima, wakamkuta na kichocho, na wakamwandikia aende Homa Bay wakapige picha ya ini. Daktari anasema kuna kilichoharibika na kuna kilichobaki, na kilichobaki kinatosha akifuata maneno. Alimeza mbele yangu. Mimi na Mama tulipimwa pia. Mama hana. Mimi ninacho, Baba, kwa zile Jumamosi nilizokushikia ndoo majini. Nimemeza zangu. Ni chungu, na kichwa kilinizunguka jioni nzima nikalala mapema. Basi. Ni hilo tu. Jioni moja ya kizunguzungu ndiyo uliyoikataa.

Baba Mdogo alikuja Migori baada ya hapo. Nilikwenda naye mpaka chumba chenu cha kazi. Alisimama mlangoni amevua kofia, akasema alichokuja kusema, na akasema vizuri, lazima nimpe haki yake. Mwita alikuwa anakaza nati kwenye kompresa. Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza. Hakumpa mkono. Alisukuma kiti kwa mguu, akasema, "Kaa," akaendelea na kazi. Walikaa hivyo, mmoja anafanya kazi na mwingine anamtazama, mpaka jua likaingia ndani ya chumba. Kabla hatujaondoka Mwita alinigeukia mimi, si yeye. "Mimi sikuhitaji kuombwa radhi," akasema. "Mimi nilitaka kumzika rafiki yangu."

Baba Mdogo amezunguka Sindo nyumba kwa nyumba akilirudisha lile neno. Hata hivyo, kuna watu wanapenda sumu kuliko ukweli, na wataendelea kunong'ona. Hoteli ya stendi imemwita Mwita tena. Nyingine bado.

Kwa hiyo hivi ndivyo tulivyo. Siwezi kukuambia nimekusamehe, kwa sababu bado. Nikiamka asubuhi nakuta nimekunja ngumi. Nakumbuka mkono wako ukizunguka juu ya maji ukinyunyiza chakula, nakupenda mpaka nashindwa kupumua, halafu nakumbuka kijiko.

Mvua ikipungua nitakuja Sindo pamoja na Mwita na mke wake. Wataingia langoni mchana, watu wakiona, na Baba Mdogo amesema atawapokea yeye mwenyewe. Kaburi lako bado halijajengewa. Nimewaambia mafundi wangoje, wasiweke saruji, mpaka Mwita atakapotupa udongo wake kwa mkono wake. Nakuahidi hilo. Na mimi nitakuwa nimesimama kando yake. Sitaki kukudanganya kwamba hasira itakuwa imekwisha siku hiyo.

Pumzika, Baba. Tunakuja.

Binti yako,
Akoth